touch, PowerShell, SetFile na ExifTool: ipi inafaa kurekebisha tarehe na saa za mafaili?

Mtu aliyekuta tarehe za mafaili yake zimevurugika, labda baada ya kuhamisha diski nzima au kunakili picha kutoka kwenye kamera ambayo saa yake haikuwekwa sawa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza atumie programu gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini halipaswi kutangulia. Yanayotangulia ni mawili: ni tarehe ipi, kati ya zile kadhaa ambazo faili hubeba, ndiyo iliyoharibika, na tarehe ya kweli itachukuliwa wapi? Asiyekuwa na majibu hayo anaweza kuandika amri isiyo na kosa lolote, ikatekelezwa bila onyo, na bado akabaki na mamia ya mafaili yenye tarehe mpya zisizo za kweli, huku zile za zamani zikiwa zimefutika. Kwa hiyo programu nne zinazolinganishwa hapa zinapimwa kwanza kwa maswali hayo mawili, na urahisi wa kuzitumia unafuata baadaye.

Mihuri ambayo faili hubeba

Katika Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, faili huwa na mihuri mitatu ya wakati. Wa kwanza, atime, huonyesha lilisomwa lini mara ya mwisho. Wa pili, mtime, yaliyomo yalibadilishwa lini. Wa tatu, ctime, maelezo yake ya ndani, kama vile mmiliki au ruhusa, yaliguswa lini. Muhuri huo wa tatu si tarehe ya kuundwa kwa faili, ingawa wengi huuchukulia hivyo, na hakuna amri ya kawaida inayoweza kuuweka kwa thamani unayotaka: kila unapobadilisha mihuri mingine, wenyewe hujiandika saa ya sasa. Mfumo wa mafaili wa ext4 huhifadhi pia tarehe ya kuundwa, na tangu toleo la 4.11 la keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, lililotoka mwaka 2017, programu zinaweza kuisoma. Kuiandika ni jambo jingine, kwa sababu keneli haikutoa njia ya kawaida ya kuibadilisha.

Windows, kupitia NTFS, mfumo wake wa mafaili, huwapa watumiaji tarehe tatu wanazoziona, yaani ya kuundwa, ya kubadilishwa na ya kufikiwa, na zote tatu zinaweza kuwekwa upya. macOS nayo huonyesha tarehe ya kuundwa na ya kubadilishwa, na ile ya kuundwa inaweza kurekebishwa, ingawa kwa njia ya pekee itakayoelezwa mbele.

Usahihi wa mihuri hiyo hutegemea diski, si programu. NTFS huhesabu vipande vya nanosekunde 100 kuanzia mwaka 1601. FAT, mfumo wa mafaili wa zamani ambao bado hutumika kwenye kadi nyingi za kumbukumbu na diski mweko, huhifadhi saa ya kubadilishwa kwa hatua za sekunde mbili, haiandiki kabisa saa ya kufikiwa bali siku yake tu, na haiwezi kubeba tarehe iliyo kabla ya mwaka 1980. Zaidi ya hayo, FAT huandika saa ya mahali bila kutaja ni ya eneo gani, jambo linaloeleza kwa nini mafaili ya kadi hiyo hiyo moja huweza kuonekana yamesogea kwa saa kamili kadhaa yakifunguliwa kwenye kompyuta iliyowekewa saa za eneo lingine. Kabla ya kurekebisha kosa la aina hiyo, hakikisha kwanza kwamba kosa lipo kwenye faili na si kwenye mpangilio wa kompyuta inayolisoma.

touch

Hii ndiyo programu ambayo kila mmoja anapaswa kuifahamu kwanza, kwa kuwa ipo karibu kila penye Linux au macOS na haihitaji kusakinishwa. Hushughulikia mihuri miwili tu, atime na mtime, na ikiitwa bila chaguo lolote huipa yote miwili saa ya sasa. Tarehe maalumu huwekwa kwa chaguo -t:

`touch -m -t 202005140830 ripoti.odt`

Amri hii huweka muhuri wa kubadilishwa kuwa tarehe 14 Mei 2020, saa mbili na nusu asubuhi, na -m huuacha muhuri wa kusomwa kama ulivyo. Tarakimu hufuatana kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, saa na dakika. Sekunde zikihitajika huongezwa baada ya nukta. Saa huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, hivyo saa mbili na nusu usiku ingeandikwa 2030. Mwaka unaweza kuandikwa kwa tarakimu mbili, lakini ufupisho huo una mtego: 69 hadi 99 husomwa kuwa 1969 hadi 1999, na 00 hadi 68 kuwa 2000 hadi 2068, kwa hiyo aliyekusudia mwaka 1965 atajikuta mwaka 2065. Tarakimu nne haziongezi kazi yoyote, na mimi sioni sababu ya kuzikwepa.

Uwezo wa touch ninaouthamini kuliko mwingine ni chaguo -r, linalochukua mihuri ya faili moja na kuipa jingine. Ikiwa nakala imepoteza tarehe lakini asili bado ipo, hakuna haja ya kuandika tarehe kwa mkono wala nafasi ya kukosea tarakimu:

`touch -r asili.odt nakala.odt`

Hapa tofauti kati ya touch ya GNU, inayopatikana kwenye Linux, na ile ya macOS, iliyotokana na BSD, huanza kujitokeza. Ya GNU hukubali kwa chaguo -d maelezo ya namna nyingi, yakiwemo ya kuhesabu kutoka sasa kama vile '3 days ago'. Ya macOS hukubali kwa chaguo hilo hilo mpangilio mmoja mkali tu, mfano 2020-05-14T08:30:00. Kwa upande mwingine, kusogeza muhuri uliopo mbele au nyuma ni rahisi zaidi kwenye macOS, ambako `touch -A -030000 faili` hurudisha nyuma kwa saa tatu. Kwenye Linux kazi hiyo hiyo hufanywa kwa kuunganisha -r na -d, faili likijirejelea lenyewe:

`for f in *.jpg; do touch -m -r "$f" -d '-3 hours' "$f"; done`

Skripti itakayotumika kwenye mifumo yote miwili basi ni heri itegemee -t na -r pekee, ambayo hufanya kazi kwa namna ileile pande zote.

touch ina tabia moja ambayo mtumiaji mpya lazima aonywe: jina la faili likikosewa, haitoi malalamiko, bali huunda faili tupu lenye jina hilo lililokosewa. Chaguo -c huzuia jambo hilo, na ningependa kila skripti inayorekebisha tarehe iwe nalo. Vilevile, kiungo cha mkato kikitajwa, touch hubadilisha faili linaloelekezwa na kiungo hicho, isipokuwa umeongeza -h. Kuhusu ruhusa, mtu mwenye haki ya kuandika kwenye faili anaweza kulipa saa ya sasa, lakini kulipa tarehe nyingine yoyote ni haki ya mmiliki wa faili au msimamizi wa mfumo.

PowerShell na amri ya kale ya copy

Kwenye Windows, dirisha la amri la zamani lina njia moja tu ya asili, `copy /b ripoti.docx+,,`, inayolipa faili tarehe na saa ya sasa bila kugusa yaliyomo. Haiwezi kuweka tarehe ya zamani, na kwa hiyo haina msaada kwa mwenye tarehe zilizopotea.

PowerShell ndiyo chombo halisi cha Windows kwa kazi hii. Kila faili huchukuliwa kuwa kitu chenye sifa zake, na sifa za wakati zinaweza kuandikwa moja kwa moja:

`(Get-Item 'ripoti.docx').CreationTime = '2020-05-14 08:30:00'`

Badala ya CreationTime unaweza kuweka LastWriteTime kwa tarehe ya kubadilishwa au LastAccessTime kwa ya kufikiwa. Hapa ndipo PowerShell inapoishinda touch: tarehe ya kuundwa, ambayo touch haina mkono wa kuifikia, hubadilishwa kwa urahisi uleule. Aliyesakinisha touch kwenye Windows kupitia vifurushi vya zana za Unix atagundua kwamba tarehe ya kuundwa haikusogea, na ataona safu mbili za tarehe zisizopatana kwenye dirisha la mafaili.

Nguvu ya pili ni hesabu. Kusogeza nyuma kwa saa tatu mafaili yote ya folda na ya folda zilizomo ndani yake ni mstari mmoja:

`Get-ChildItem -File -Recurse | ForEach-Object { $_.LastWriteTime = $_.LastWriteTime.AddHours(-3) }`

Mstari huu ni mrefu kuliko wa touch, lakini ukishausoma mara mbili unaeleza wenyewe unachofanya, na masharti ya ziada, kama vile kugusa tu mafaili yaliyobadilishwa baada ya siku fulani, huongezwa katikati bila kuvuruga mengine. Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Tarehe iandikwe daima kwa kuanza na mwaka, kwa sababu maandishi kama 05/04/2020 hutafsiriwa kwa mwezi kutangulia siku, kinyume na matarajio ya watu wengi. Pia majina ya mafaili yenye mabano ya mraba huchukuliwa kuwa mifumo ya utafutaji, na faili halipatikani mpaka utumie -LiteralPath.

PowerShell imekuwa ikipatikana pia kwa Linux na macOS tangu mwaka 2016, na hilo huwashawishi baadhi ya watu kutumia skripti moja kila mahali. Kwa tarehe za kuundwa, sishauri hivyo. Kwa kuwa Linux haina njia ya kuandika tarehe hiyo, kuweka CreationTime kule huishia kubadilisha muhuri wa mtime, bila ujumbe wowote wa kukuarifu kwamba ulichoomba sicho kilichofanyika.

SetFile

SetFile ni ya macOS: huja pamoja na zana za mstari wa amri za Xcode, programu ya Apple ya kutengenezea programu, na huweza kuweka tarehe ya kuundwa kwa chaguo -d na ya kubadilishwa kwa chaguo -m, tarehe ikiandikwa kwa mwezi, siku, kisha mwaka. Apple iliitangaza kuwa zana iliyopitwa na wakati tangu Xcode 6, mwaka 2014, ingawa watu wameendelea kuitumia kwa kukosa mbadala wa moja kwa moja.

Mara nyingi hata hivyo haihitajiki. Kwenye macOS, touch ikiweka tarehe ya kubadilishwa iliyo kabla ya tarehe ya kuundwa, mfumo huivuta tarehe ya kuundwa irudi nyuma pia, kwa mantiki kwamba faili haliwezi kubadilishwa kabla ya kuwepo. Kwa mtu anayerudisha tarehe za zamani, jambo ambalo ndilo hitaji la wengi, touch peke yake humaliza kazi. SetFile inabaki na kazi mbili: kusogeza tarehe ya kuundwa mbele, na kuibadilisha bila kugusa ile nyingine.

ExifTool

Programu tatu zilizotangulia huandika nje ya faili, yaani kwenye maelezo ambayo mfumo wa mafaili hutunza. ExifTool, iliyoandikwa na Phil Harvey na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, husoma na kuandika pia tarehe zilizomo ndani ya faili lenyewe. Kwa picha na video, tofauti hii ndiyo kiini cha uamuzi wote. Kamera huandika ndani ya picha saa ambayo ilipigwa, na maandishi hayo husafiri na picha popote inaponakiliwa, wakati muhuri wa nje unaweza kubadilika kila picha inapohama. Programu nyingi za kupanga picha hutazama tarehe ya ndani kwanza. Ndiyo maana anayerekebisha albamu yake kwa touch hushangaa kuona mpangilio wa picha haujabadilika hata kidogo.

Basi ikiwa tarehe ya ndani ni sahihi na ya nje ndiyo iliyoharibika, huna haja ya kukumbuka wala kukisia chochote, kwa sababu ukweli upo ndani ya faili na unahitaji kutolewa nje tu:

`exiftool '-FileModifyDate<DateTimeOriginal' -r picha/`

Amri hiyo hupitia folda nzima na kulipa kila faili muhuri unaolingana na saa ambayo picha yake ilipigwa. Hakuna kati ya programu nyingine tatu inayoweza kufanya hivi bila kuandikiwa skripti ndefu. Kwenye dirisha la amri la zamani la Windows, alama za nukuu moja zibadilishwe kuwa za nukuu mbili, la sivyo alama ya < itaeleweka vingine.

Ikiwa saa ya kamera ndiyo iliyokuwa imekosewa, tarehe ya ndani ndiyo ya kusogezwa:

`exiftool '-AllDates+=3' picha/`

Hapo huongezwa saa tatu kwenye tarehe tatu za ndani kwa pamoja. Operesheni hii huandika faili upya, kwa hiyo ExifTool huacha nakala ya asili yenye jina linaloishia kwa _original, na muhuri wa nje huwa wa sasa isipokuwa umeongeza -P. Utaratibu unaofaa ni kurekebisha ndani kwanza, kukagua picha chache, kisha kuhamishia tarehe nje kwa amri iliyotangulia. Wapo wanaoongeza -overwrite_original tangu mwanzo ili kuokoa nafasi ya diski. Nafasi hiyo haina thamani ya kulinganishwa na picha ambazo haziwezi kupigwa tena, na nakala hizo zinaweza kufutwa baada ya ukaguzi.

Udhaifu wa ExifTool ni kwamba hutegemea kilichomo. Picha zilizopita kwenye programu za kutumiana ujumbe mara nyingi huwa zimeondolewa maelezo ya ndani, na hapo jina la faili ndilo hubaki kuwa ushahidi. Kwa bahati njema, jina kama IMG_20200514_083000.jpg husomeka pia, kwa kuandika Filename badala ya DateTimeOriginal. Video ni ngumu zaidi: kiwango cha MP4 hutaka saa za UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia, lakini kamera nyingi huandika saa ya mahali, hivyo jaribu faili moja unalolijua saa yake kabla ya kugusa mengine.

Uchaguzi wangu, na yanayofuata baada ya amri

Kwa picha na video ningeanza na ExifTool bila kusita, katika mfumo wowote. Kwa nyaraka na mafaili mengine kwenye Linux na macOS, touch inatosha. Kwenye Windows, PowerShell. Njia mbili nyingine ambazo hupendekezwa mara kwa mara ningeziacha kabisa: kurudisha nyuma saa ya kompyuta nzima ili mafaili yapate tarehe ya zamani, jambo linaloweza kuvuruga vyeti vya usalama na kazi zilizopangwa kwa ratiba, na kuandika moja kwa moja kwenye ext4 kwa debugfs, zana ya kuchunguza na kurekebisha mfumo wa mafaili, ili kubadilisha tarehe ya kuundwa, kazi inayotaka diski iwe imeondolewa kwenye matumizi na ambayo kosa lake laweza kugharimu zaidi ya tarehe.

Kabla ya amri yoyote inayogusa mafaili mengi, hifadhi orodha ya tarehe zilizopo. Kwenye Linux, `find . -type f -printf '%T@ %p\n' > tarehe-za-awali.txt` hufanya hivyo kwa sekunde chache. Kwenye PowerShell, toa FullName, CreationTime na LastWriteTime kwa Select-Object kisha uzipeleke kwa Export-Csv. Kwa mihuri ya nje, hakuna kitufe cha kutengua kwenye programu hizi, na orodha hiyo ndiyo njia pekee ya kurudi.

Fikiria pia programu zinazozitegemea tarehe hizo. rsync, programu ya kunakili na kulinganisha mafaili, kwa chaguo-msingi huamua kama faili limebadilika kwa kulinganisha ukubwa na mtime. Ukibadilisha tarehe za mafaili yote, nakala rudufu itakayofuata italazimika kuyapitia yote upya. Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili: ukihariri faili bila ukubwa wake kubadilika, kisha ukalirudishia tarehe ya awali, rsync italiruka na nakala rudufu itabaki na yaliyomo ya zamani, mpaka utakapoiendesha kwa chaguo -c linalolinganisha yaliyomo yenyewe. Kwa diski za FAT, ongeza --modify-window=1 ili zile sekunde mbili zisionekane kuwa mabadiliko. Programu ya make, inayojenga mafaili kutokana na mafaili mengine, nayo hujenga upya chochote kilicho na tarehe ya nyuma kuliko malighafi yake, na touch hutumika sana kuilazimisha ifanye hivyo.

Kuna matumizi ambayo hayapaswi kuwepo, nayo ni kubadilisha tarehe ya hati ili ionekane iliandikwa wakati ambao haikuandikwa. Mbali na kuwa udanganyifu, huacha alama: ctime kwenye Linux hubaki na saa halisi ya mabadiliko, na NTFS huweka seti ya pili ya tarehe pamoja na jina la faili, seti ambayo amri za kawaida haziiandiki na ambayo wachunguzi hulinganisha na ile ya kwanza. Hata mwenye nia njema asirekebishe tarehe za mafaili yanayohusika na shauri au ukaguzi. Afanye kazi kwenye nakala na kuacha asili zilivyo.

Folda zishughulikiwe mwisho. Folda hupata muhuri mpya kila faili linapoongezwa, linapofutwa au linapobadilishwa jina ndani yake, kwa hiyo hata kufuta zile nakala za _original kutaharibu tarehe ya folda uliyokuwa umeshairekebisha. Maliza mafaili, safisha mabaki, kisha rekebisha folda kuanzia za ndani kabisa kwenda za nje, na mara nyingine unapohamisha kazi nzima tumia `cp -pR`, `rsync -a` au, kwenye Windows, robocopy yenye /DCOPY:T, ili mafaili na folda vifike na tarehe zake.